Linux na gemu za Steam: Bendi ije na magitaa yake!

KIJANA ana kompyuta yake ya mtumba, imetoka Dubai bado inang'aa, inafungua kila kitu bila mikwara. Siku anaitaka Windows 11, mashine inamjibu kwamba haiwezi, umri umeshakwenda. Na Microsoft wenyewe walishafunga daftari: tangu Oktoba 14, 2025 Windows 10 haipati tena matengenezo ya kawaida ya bure. Sasa afanye nini? Aiuze kwa bei ya kutupa? Auze na simu aongezee apate mpya?

Ipo njia nyingine, nayo ni Linux. Ni mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ila huu hauuzwi, unashusha bure na unampa rafiki yako bila kuvunja sheria. Lakini ukimtajia mtoto wa mjini habari hiyo, anakunja uso kama kalamba ndimu. "Ah, hiyo ya maprofesa bwana. Gemu hazichezi."

Ndugu yangu, maneno hayo yamepitwa na wakati. Gemu zinacheza, tena sana tu. Kasheshe iliyowakimbiza wengi haikuwa ya gemu zenyewe, na Linux nayo naitetea. Kasheshe ilikuwa ni ya mizigo: nani abebe nini, na nani amwachie mwenzake. Leo nataka tuiongee hiyo habari ya mizigo mpaka ieleweke, maana hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wakarudi walikotoka huku wakitukana.

STEAM NDIYO DUKA

Kwa wale wageni, Steam ni duka la gemu kwenye intaneti. Ni mali ya kampuni ya Valve iliyopo Bellevue, jimbo la Washington, huko Marekani. Lilifunguliwa Septemba 12, 2003. Unalipia gemu humo humo, unaishusha humo humo, na siku ukibadilisha kompyuta gemu zako unazikuta palepale. Ni duka, na ni kabati pia.

Kwa miaka mingi duka hilo lilikuwa la watu wa Windows. Linux lilifunguliwa rasmi Februari 14, 2013, siku ya wapendanao, na mapenzi yenyewe yalianza kwa kusuasua kwa sababu gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya Linux zilikuwa za kuhesabu. Mambo yalibadilika Agosti 2018, Valve walipoleta chombo kiitwacho Proton, ambacho kinachukua gemu ya Windows na kuichezesha ndani ya Linux bila gemu yenyewe kushtuka. Kisha Februari 28, 2022 wakaanza kuuza Steam Deck, mashine ya mkononi ya kuchezea gemu, na ndani yake hakuna Windows. Kuna Linux! Ilipofika mwishoni mwa 2025, katika uchunguzi wa Valve kuhusu mashine za wateja wao, watu wa Linux walikuwa wamevuka asilimia 3. Utasema ni kidogo. Lakini duka lile lina mamilioni ya wateja, kwa hiyo asilimia 3 ni uwanja wa taifa umejaa, ukamwagika, ukajaa tena na tena.

UKUMBI NA BENDI

Sasa tuje kwenye mizigo. Linux haitoki kiwanda kimoja. Wapo watu na makampuni mbalimbali wanaochukua sehemu zake, wanaziunga, wanaziwekea rangi yao na kuzigawa. Kila muungano wa namna hiyo unaitwa distro. Ukisikia Ubuntu, Debian, Fedora, Arch, ujue hizo ndizo distro. Na kila distro inafunga programu zake katika vifurushi. Si vifurushi vya simu hivyo, usianze kutafuta salio! Kifurushi hapa ni programu iliyofungwa tayari pamoja na orodha ya vitu inavyovitegemea.

Vitu hivyo vinavyotegemewa ndivyo viitwavyo laibrari. Gemu haijui yenyewe kufungua picha, kupiga sauti wala kusoma intaneti. Inaazima ujuzi huo kwa laibrari. Laibrari ikikosekana, gemu haifunguki. Laibrari ikiwepo lakini si ya umri ule gemu iliyouzoea, inafunguka halafu inakufa, au inacheza kimya kama filamu bubu.

Chukua mfano wa bendi ya muziki wa dansi. Bendi ikialikwa ukumbini, ukumbi unatoa jukwaa, umeme na mlinzi wa mlangoni. Magitaa, ngoma na kinanda bendi inakuja navyo yenyewe, kwa sababu mpiga solo anaijua shingo ya gitaa lake hata gizani. Sasa fikiria kila ukumbi ulazimishwe kuweka magitaa, na kila ukumbi uwe na magitaa yake ya aina yake. Ukumbi huu nyuzi zimelegea, ule kinanda kimekatika funguo mbili. Bendi ingepigaje? Na ikiharibu, mashabiki watamlaumu nani?

Hivyo ndivyo gemu za Linux zilivyokuwa. Distro ndiyo ukumbi, gemu ndiyo bendi, laibrari ndizo magitaa. Mtengenezaji wa gemu anaitengeneza mara moja, anaiuza, anakwenda kwenye kazi nyingine. Distro haisimami, laibrari zake zinasonga mbele kila mwezi. Baada ya miaka mitano gemu inaulizia laibrari ya zamani ya picha iitwayo libpng12, distro inajibu: "Hiyo? Tulishaitupa."

SKAUTI WA MWAKA 2012

Valve si wajinga, jambo hilo waliliona mapema. Walichokifanya ni kutengeneza sanduku la laibrari linalokuja pamoja na Steam yenyewe. Sanduku hilo ndiyo ranitaimu, na la kwanza walilipa jina la Scout, kutokana na mhusika katika gemu yao ya Team Fortress 2. Laibrari zake walizitoa katika Ubuntu 12.04, distro ya mwaka 2012.

Wazo lilikuwa zuri. Utekelezaji ndio uliokuwa na mushkeli. Scout halikuwa sanduku lililofungwa, lilikuwa kama meza iliyowekwa katikati ya ukumbi: gemu ikitaka kitu inatazama kwanza mezani kwa Scout, isipokiona ndipo inatazama kwenye kabati la distro. Vitu vya zamani na vya kisasa vikachanganyika kwenye sahani moja.

Kizaazaa kikaja kwenye draiva za kadi ya picha. Draiva lazima zitoke kwa distro, kwa sababu zinaendana na chuma kilichomo ndani ya mashine yako. Draiva mpya zinataka laibrari mpya. Lakini mezani zimetangulia za Scout, za mwaka 2012. Draiva ikifika inakuta laibrari kikongwe, inagoma. Steam inafunguka giza au haifunguki kabisa. Katikati ya miaka ya 2010 dawa ya mitaani ilikuwa ni kuingia kwenye folda la Steam na kufuta kwa mkono laibrari mbili tatu za Scout, ile ya libstdc++ ikiwa ya kwanza kunyongwa. Steam ikijiapdeti zinarudi, nawe unafuta tena. Ukawa mchezo wa paka na panya, na watu hawakununua gemu ili wacheze mchezo huo! Baadaye Valve walirekebisha, Scout akafundishwa kulinganisha kwanza na kuchukua laibrari iliyo mpya zaidi, lakini jina baya lilikuwa limeshaenea.

Distro nazo zikaanza kuhangaika kivyake. Arch, kwa mfano, ilitengeneza kifurushi cha pili kilichoitwa steam-native-runtime, ambacho kazi yake ilikuwa kuvuta msururu wa laibrari za Arch yenyewe ili Steam iachane na sanduku la Valve. Nia ilikuwa njema. Lakini hebu pima kazi yake: watu wa kujitolea wanabeba laibrari za zamani, moja baada ya nyingine, kwa ajili ya gemu wasizozitengeneza, ambazo wengine wao hawazichezi. Ukumbi umegeuka fundi wa magitaa.

MAPACHA WA BITI 32

Kuna jambo lingine lililozidisha uzito wa mizigo. Kompyuta za leo ni za biti 64, lakini kwa miaka mingi programu ya Steam ya Linux ilibaki ya biti 32, na gemu nyingi za zamani nazo ni za biti 32. Maana yake distro inayotaka Steam ilibidi iwe na kila laibrari mara mbili: ya biti 64 kwa matumizi ya kawaida, na pacha wake wa biti 32 kwa ajili ya Steam na gemu hizo. Kubeba mapacha si lelemama, muulize mama yeyote.

Juni 2019 wenye Ubuntu, kampuni ya Canonical, wakachoka. Wakatangaza kwamba toleo la 19.10 halitakuwa na vifurushi vya biti 32. Siku chache tu, mhandisi mmoja wa Valve akajibu hadharani kwamba basi Steam haitaitambua rasmi Ubuntu hiyo. Watu walikuja juu, na kabla wiki haijatimia Canonical wakarudi nyuma na kuahidi kubakiza orodha maalumu ya vifurushi vya biti 32. Apple wao hawakurudi nyuma: Oktoba mwaka huohuo mfumo wao wa macOS Catalina ulizipiga chini programu zote za biti 32, na gemu nyingi za Mac zikafa siku moja.

Mkanda huo ukarudiwa Juni 2025, safari hii kwa Fedora. Lilitolewa pendekezo la kuviondoa vifurushi vya biti 32 kuanzia Fedora 44. Wapenzi wa gemu wakawaka, na baada ya siku chache mwenye pendekezo akaliondoa mwenyewe. Ukitazama utaona pande zote mbili zina hoja. Mfungashaji anasema mgongo unaniuma. Mchezaji anasema nimelipia gemu, usinizimie taa.

"FANYA KAMA NINAVYOSEMA!"

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha mizigo hii inavyoweza kumwangukia mtu asiye na kosa. Kule Canada kuna bwana anaitwa Linus Sebastian, mwenye kipindi maarufu cha video za kompyuta kiitwacho Linus Tech Tips. Mwaka 2021 alijitia changamoto ya kuhamia Linux kwa ajili ya gemu. Akachagua Pop!_OS, distro iliyojengwa juu ya Ubuntu na kampuni ya System76 ya Denver, Colorado. Akaingia kwenye duka la programu, akabonyeza Steam. Duka likakataa. Kama mwanamume yeyote aliyekataliwa mlangoni, akazunguka nyuma: akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaamuru Steam iwekwe.

Kompyuta ikamjibu kwa orodha ndefu na onyo kwamba anachotaka kufanya kinaweza kuleta madhara. Ikamwambia kama ana hakika aandike kwa Kiingereza maneno yenye maana ya 'Ndiyo, fanya kama ninavyosema!' Akayaandika. Kompyuta ikatii. Ikang'oa madirisha, vitufe na picha zote, akabaki na kioo cheusi chenye maandishi meupe. Video ilitoka Novemba 2021, ulimwengu mzima ukaona mtu anaweka duka la gemu, nyumba inaanguka!

Sababu? Mapacha. Kifurushi kimoja kilikuwa kimepata toleo jipya la biti 64, lakini pacha wake wa biti 32 wa toleo lilelile hakuwa amefika kwenye ghala. Sheria ya ghala hilo inasema mapacha lazima walingane. Steam inamtaka pacha wa biti 32. Mfungashaji wa mashine, ambaye hana macho wala huruma, akapiga hesabu akaona njia ya kutimiza ombi ni kuondoa kila kilichomzuia, na kilichomzuia ndiyo sura nzima ya kompyuta. System76 walirekebisha haraka, na chombo chenyewe cha kufungashia, kinachoitwa APT, kikaongezewa breki ili kisikubali kirahisi kung'oa vitu vya msingi.

Wapo waliomcheka Linus. Mimi sikucheka. Mtu aliyeandika 'weka Steam' hakuomba kubomolewa nyumba. Na ukifikiria vizuri, breki ni dawa ya nusu. Dawa kamili ni kuifupisha ile orodha. Kifurushi cha Steam kikitegemea vitu 10, kuna milango 10 ya kuharibikia. Kikitegemea vitu 60, milango ni 60, na siku moja mmoja wao utakutwa wazi.

KONTENA LIKAJA

Sasa habari njema. Valve, wakisaidiwa na wahandisi wa kampuni ya Collabora ya Uingereza, waliigeuza meza ya Scout kuwa chumba chenye mlango. Chumba hicho ni kontena. Gemu ikiwashwa inaingizwa ndani ya kontena, na humo inakutana na laibrari zilizopangwa kwa ajili yake tu. Inachokiona ni kama distro nyingine kabisa, hata kama nje ni Arch ya jana usiku. Ranitaimu iitwayo Soldier imejengwa kwa Debian 10, na mdogo wake Sniper kwa Debian 11. Proton ya Oktoba 2020, toleo la 5.13, ndiyo ya kwanza kukimbia ndani ya kontena la namna hiyo, na mwaka 2024 utaratibu ukapanuliwa mpaka kwa gemu za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya Linux.

Kutoka nje ya chumba vinaingizwa vitu vichache mno. Kikubwa ni draiva za kadi ya picha, maana chuma ni chako. Kingine ni laibrari mama iitwayo glibc, ambayo kila programu inaitegemea: kontena linatazama ya kwako na ya kwake, linachukua iliyo mpya zaidi, kwa kuwa glibc mpya huendelea kuwaelewa wa zamani. Mengine yote yamo ndani. Bendi imekuja na magitaa yake!

Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Kama bendi imekuja na magitaa, kwa nini ukumbi uendelee kuweka magitaa? Kurahisisha kifurushi cha Steam kwenye distro maana yake ni kukiri kwamba kazi ile ngumu imeshafanywa mahali pengine, na kuacha kuirudia. Distro ibaki na kazi yake ya ukumbi: draiva za picha za biti 64 na pacha wake wa biti 32, glibc, fonti, vitu vichache vinavyohitajika Steam iwashe mara ya kwanza, na ruhusa ya kifaa cha kuchezea kitambulike ukikichomeka. Basi.

Debian wanaonyesha mfano mzuri. Kwao kuna kifurushi kidogo kiitwacho steam-installer, ambacho kazi yake ni kwenda kuileta Steam yenyewe kutoka kwa Valve. Kuna steam-libs, ambacho ni orodha tu ya laibrari za ukumbi. Kuna steam-devices, kinachoshughulika na ruhusa za vifaa vya kuchezea. Kila kimoja na kazi yake, na mambo yakiharibika unajua umwulize nani. Ukiwa na bonge moja la kifurushi lenye kila kitu, unabaki kupapasa gizani.

WANAOKATAA WANA HOJA GANI?

Nisije nikaonekana nimelipwa na Valve. Wapo wafungashaji wasiopenda kontena, na baadhi ya hoja zao zina uzito.

Ya kwanza ni bando. Kontena moja linakula mamia ya megabaiti, na unaweza kujikuta una makontena mawili au matatu, Proton ukaongezea juu. Kwa mtu wa Stockholm hiyo si habari. Kwa wewe unayenunua intaneti ya wiki kwa kubana chai, ni habari kubwa. Jibu langu ni kwamba linashushwa mara moja, kisha gemu zote zinalitumia pamoja. Apdeti zake zipo ndiyo, lakini laibrari 60 za distro nazo zilikuwa zinaapdetiwa, tena mara kwa mara. Mzigo ule ulikuwepo siku zote, hukuuona tu kwa sababu ulikuja kwa vipande.

Ya pili ni umri. Laibrari za ndani ya kontena ni za zamani kuliko za distro, na mtu anayependa vitu vipya roho inamuuma. Ni kweli. Lakini gemu ilijaribiwa na mtengenezaji wake kwa laibrari hizohizo. Mpya kwa gemu ya zamani si zawadi, ni mtihani.

Ya tatu ni mlango wenyewe wa kontena. Ili chumba kijengwe, distro lazima itoe ruhusa fulani ya ulinzi. Ubuntu 24.04 ilibana ruhusa hiyo kwa sababu za usalama, kwa hiyo ikalazimu Steam iandikiwe kibali maalumu. Hapa distro haiwezi kukwepa, ni kazi yake. Kurahisisha hakumaanishi kulala. Ukumbi usipoleta umeme, hata bendi ije na lori la magitaa hakuna ngoma.

Na wapo wanaosema tuifunge Steam nzima, pamoja na hayo makontena, ndani ya kontena jingine. Ndivyo zinavyofanya Flatpak na Snap. Inawezekana, na kuna watu wanatesa nayo. Ila Januari 2024 mtu wa Valve alishauri hadharani watu wasiitumie ile ya Snap kwa sababu malalamiko mengi yalikuwa yanatoka huko. Sanduku ndani ya sanduku, likikwama hujui ufunguo uko la nje au la ndani.

KWA WEWE UNAYETAKA KUJARIBU

Kuna jirani yangu, kijana wa kidato cha sita, aliniuliza: "Anko, mbona kila maelekezo yana amri ishirini za kubandika?" Nikamwambia, mdogo wangu, maelekezo mengi yaliandikwa enzi za Scout wa mezani. Ukiona mtu anakwambia ufute libstdc++ au uweke laibrari moja moja, tazama tarehe kwanza. Dawa ya malaria ya mwaka 2014 usiinywee mafua ya leo.

Kwanza, weka Steam kwa njia ya distro yako mwenyewe, kile kifurushi chake rasmi, na kabla ya hapo apdeti mfumo wote ili mapacha walingane. Pili, shughulikia draiva ya kadi ya picha. Ukiwa kwenye Arch, pacman ikikuuliza unataka draiva ipi ya Vulkan, soma kadi yako ni ya nani halafu chagua, usibonyeze tu kitufe ili yaishe. Tatu, soma orodha ya vitu vitakavyoondolewa kabla hujakubali. Ukiona kompyuta inataka kuondoa vitu mia ili iweke duka moja, kataa, subiri siku mbili tatu, ghala likae sawa. Nne, laibrari waachie wenyewe, usiongeze chako.

Na ujue mapema kwamba si kila gemu itakubali. Zipo ambazo wenyewe wamezifungia Linux kwa sababu ya walinzi wao wa kuzuia wizi wa ushindi, kama Apex Legends ilivyofanya Oktoba 2024. Hapo hata ufungashe kwa karatasi ya dhahabu hakuna namna, huo ni uamuzi wa mwenye gemu.

Yule kijana alifuata hayo, na mashine ambayo fundi mmoja alishamwambia "uza tu, hii imekufa" ikacheza mpira wa miguu mpaka mama yake akaja kuzima umeme. Sikumfanyia miujiza. Distro aliyoichagua ilikuwa imeshapunguza mizigo kabla yeye hajafika.

Ndiyo maana nasema habari hii si ya mainjinia peke yao. Kila laibrari isiyo ya lazima inayoondolewa kwenye orodha ile inampunguzia mfungashaji wa kujitolea usiku mmoja wa kukesha, na inampunguzia kijana sababu moja ya kukata tamaa. Kompyuta za mtumba zipo nyingi mjini, na nyingi bado zina nguvu. Kuzitupa kwa sababu ya umri wa Windows ni hasara, na kuziacha kwa sababu mtu alishindwa kuweka Steam mwaka 2015 ni hasara juu ya hasara.

Wenye distro watoe jukwaa na umeme, Valve waje na vyombo vyao, na sisi tucheze. Kazi kwenu, masela!